Viwavi wa mlimau wa bibi, na picha zangu mbovu za mwaka mzima

Kwa bibi Muheza kuna mlimau nyuma ya jiko, ndo studio yangu. Kila nikienda nakuta viwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, kitaalamu Papilio demodocus, na bibi hawapendi hata kuwaona. Juzi kanikuta nimepiga magoti kwenye tope akasema, "Mume wangu, hao ndo wanaonimalizia majani, we unawapiga picha za pasipoti?"

Ukweli mwaka mzima hizo pasipoti zingekataliwa. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya 50mm, nikanunua zile ringi za kurefusha za bei chee, zinakaa kati ya lenzi na kamera, ndani hazina kioo, kazi yake kusogeza lenzi mbele tu ili uweze kumkaribia mdudu. Nikafurahi kweli. Kumbe zangu hazina pini za umeme, kamera haiongei na lenzi, tundu la lenzi la kupitisha mwanga linabaki wazi kabisa kwenye f/1.8 (namba ya f ikipanda tundu linazidi kuwa dogo, na sehemu inayoonekana vizuri inaongezeka), nikipiga naona ukingo wa jani tu umekaa sawa, kiwavi mwenyewe ukungu mtupu. Muuzaji hakuniambia na mimi sikuuliza. Nikatafuta zenye pini, nikakimbilia f/22 nikidhani nimemaliza kazi, picha nzima ikatoka laini laini kama kioo kimepakwa mafuta, maana tundu likiwa dogo kupita kiasi mwanga wenyewe unatawanyika. Siku hizi nakaa f/8 mpaka f/11, sitoki hapo.

Na hata kwa f/8 ukimkaribia hivo, sehemu inayoonekana vizuri haifiki milimita moja. Ndo maana nampiga kwa ubavu, mwili wote ulale sambamba na kamera. Ukitaka uso, sahau mkia, na uutafute uso wenyewe kwanza! Ule uvimbe wa mbele niliokuwa nauwekea fokasi siku zote sio kichwa, kichwa kimejikunja chini yake, na macho ni vidoti vidogo sana karibu na mdomo, kwa kawaida sita kila upande. Nilipovipata mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Sasa kilichobadilisha kila kitu ni mwanga, wala sio lenzi. Flashi tupu inamuweka kiwavi doa jeupe mgongoni, anang'aa kama kipara juani. Nikachukua kopo jeupe la aiskrimu, nikakata kitako, nikaweka tishu tabaka mbili ndani, nikalifunga kwa selotepu kwenye flashi liinamie mbele ya lenzi. Siri ni kulileta karibu na mdudu kabisa, kopo likiwa sentimita chache juu yake, kwake yeye ni kama mbingu nzima yenye mawingu, likikaa mbali linarudi kuwa taa ndogo kali. Raha nyingine, flashi ikiwa power ya chini mwako wake hauchukui hata 1/10,000 ya sekunde, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo haionekani, stendi nimeiacha nyumbani.

Fokasi naweka kwa mkono afu siigusi tena, nasogea mwenyewe mbele nyuma taratibu. Mkono wa kushoto unashika kitawi, na lenzi naiegemeza juu ya huohuo mkono, upepo ukija tunayumba wote pamoja, mimi, kiwavi na kamera. Ila usibane tawi kwa nguvu, mimi nilibana, jamaa akatoa zile pembe zake mbili za chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali ikanijaa puani, picha nikakosa maana nilikuwa napiga chafya. Wale wadogo, wanaofanana na kinyesi cha ndege, ni wapole zaidi. Kuna watu wanaweka wadudu kwenye friji ili watulie, mimi sifanyi, naamka tu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo haujaanza.

Kwa sasa mmoja kashajifunga kwa uzi wake kwenye kitawi, kageuka kijani kama jani. Bibi kakubali asipulizie dawa mpaka kipepeo atoke, kwa sharti nimpige na yeye picha, ila sio kwa karibu hivo.