Siku moja maishani mwangu: mtayarishaji wa kipindi cha michezo na beki wa pauni milioni 80

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, simu za wasikilizaji hurudi palepale: beki analipwa fedha nyingi, kocha hamtaki, mbona haondoki? Vijana wanaojifunza utayarishaji wa redio nao huuliza mjadala wa namna hiyo unaandaliwaje usigeuke kelele za kijiweni. Nimechagua siku moja kutoka kwenye daftari la kazi: Ijumaa, 1 Septemba 2023, siku ya mwisho ya usajili England. Studio ipo Dar es Salaam, mada ni Harry Maguire, beki wa Manchester United. Saa zote ni za kwetu. London iko nyuma yetu kwa saa mbili.

Saa 11:30 alfajiri

Kazi ya kwanza ni kuchuja tetesi. Habari ikitoka kwenye tovuti ya klabu, inaingia kwenye taarifa kama ilivyo. Ikitoka kwa mwandishi mmoja tu, inasomwa kama tetesi na jina la mwandishi linatajwa. Ikitoka kwenye akaunti ya mtandaoni, kwanza naangalia herufi za jina moja baada ya nyingine, kwa sababu akaunti bandia hubadilisha herufi moja tu: I kubwa mahali pa l ndogo, na picha ya mwandishi maarufu juu yake. Kosa linalowaangusha wengi ni kudhani tovuti mbili ni vyanzo viwili. Ukizifuata habari zao hadi chini, zote mbili zimemnukuu mtu yuleyule. Hicho ni chanzo kimoja.

Asubuhi hiyo kulikuwa na vichwa vinne vya habari kuhusu Maguire, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jipya. Dili la kumuuza kwa klabu ya West Ham lilikuwa limekwama katikati ya Agosti. Klabu zilikuwa zimekubaliana pauni milioni 30, lakini mchezaji na klabu yake hawakuafikiana namna ya kuachana. West Ham wakageukia klabu ya Stuttgart, wakamchukua beki Konstantinos Mavropanos.

Saa 1 asubuhi

Hapa ndipo kipindi kinapopona au kufa: karatasi ya hesabu. Mtangazaji asipokuwa na namba mezani, mpigaji wa kwanza mwenye sauti kubwa ndiye anayeshika usukani.

Maguire alinunuliwa kutoka Leicester Agosti 2019 kwa pauni milioni 80, rekodi ya dunia kwa beki wakati ule. Mkataba ulikuwa wa miaka sita, hadi 2025, na klabu ikabaki na haki ya kuongeza mwaka mmoja. Sasa, ada ya namna hiyo haiandikwi yote kama matumizi ya mwaka wa kwanza. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Milioni 80 kwa miaka sita ni milioni 13.3 kila mwaka. Kufikia kiangazi cha 2023 miaka minne ilikuwa imekatika, yaani milioni 53.3 zilikwisha kuhesabiwa. Kwenye vitabu vya hesabu vya klabu alibaki na thamani ya milioni 26.7.

Kwa hiyo kumuuza kwa milioni 30 kulikuwa faida ya takriban milioni 3.3, ukiacha ada za mawakala. Kijiweni watu wanatoa 30 kwenye 80 na kulia hasara ya milioni 50. Fedha hizo zilitoka kweli na hazirudi, lakini hasara yake klabu ilikwisha kuibeba kidogokidogo tangu 2019. Anayeamua mwaka 2023 anaangalia kilichobaki.

Upande wa pili wa karatasi ni mshahara. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yakitaja pauni 190,000 kwa wiki. Miaka miwili iliyobaki ni wiki 104, sawa na milioni 19.76. Chukua klabu mpya inayoweza kulipa 120,000 kwa wiki: kwa muda uleule ni milioni 12.48. Pengo ni milioni 7.28. Nani analiziba? Mchezaji akilimeza, dili linapita leo. Klabu inayonunua ikilibeba, inaharibu ngazi yake ya mishahara, na nahodha wao atakuwa ofisini Jumatatu akidai nyongeza. Klabu inayouza ikililipa, ile 30 inashuka hadi 22.72, chini ya thamani ya vitabuni, na faida ya milioni 3.3 inageuka hasara ya karibu milioni 4. Ni kweli inaokoa mshahara wote. Lakini beki wa kuziba nafasi naye atataka ada na mshahara wake.

Namba hizi nazichapa kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja, nakala mbili. Zote zinabaki katika pauni. Ukisema 190,000 ni karibu shilingi milioni 600 kwa wiki, mjadala wa mpira unakufa papo hapo na kila mpigaji anaanza kuzungumzia maisha yake.

Saa 3 asubuhi

Hewani. Anayepokea simu huuliza mambo matatu kabla ya kumruhusu mtu: jina la kwanza, unapiga kutoka wapi, na hoja yako kwa sentensi moja. Asiyeweza kuisema hoja kwa sentensi moja nje ya hewa hataiweza akiwa hewani. Kila mtu ana sekunde 90. Hoja mbili zinazofanana hazifuatani.

Kisha linakuja tatizo la kila siku. Mpigaji wa Mbagala anaingia: "Ndugu mtangazaji, habari za asubuhi..." na sekunde chache baadaye sauti yake mwenyewe inasikika ikirudi kwa nyuma, halafu kimya. Redio yake iko wazi pembeni. Matangazo yetu yana ucheleweshaji wa sekunde saba kwa ajili ya kukata matusi, hivyo anajisikia mwenyewe akisema aliyoyasema sekunde saba zilizopita, na ulimi unamfunga. "Kaka, zima redio yako, sikiliza kwenye simu." Kuipunguza sauti hakutoshi. Aizime, au atoke nje ya chumba.

Redio ilipozimwa, hoja yake ilikuwa moto: Maguire anang'ang'ania mkwanja, anasugua benchi huku akilipwa, huo ni wizi. Hii ndiyo hoja ninayotaka ijibiwe kwa uzito kila inapotokea. Mkataba umesainiwa na pande mbili. Klabu ilipotaka kumfunga miaka sita, haikuona tatizo na urefu wake. Kuondoka kabla ya muda ni ombi, na anayeombwa ana haki ya kuuliza anapewa nini. Mfano unaotajwa siku zote ni Winston Bogarde, aliyekwenda Chelsea mwaka 2000 kwa mkataba wa miaka minne, akacheza mechi tisa tu za ligi, akaondoka 2004 muda ulipokwisha. Mshahara uliotajwa ulikuwa pauni 40,000 kwa wiki. Watu wanamcheka hadi leo. Alifika mazoezini, akatimiza mkataba. Hakuvunja sheria yoyote.

Mpigaji wa Mwanza akasema klabu ingemnyima mazoezi na wenzake hadi aombe kuondoka mwenyewe. Huo ni ushauri mbaya. Kanuni za FIFA zinakataza mwenendo wa kumsumbua mchezaji ili avunje mkataba, na klabu ikithibitika imefanya hivyo, mchezaji anaweza kuvunja yeye, aondoke bure na kudai fidia. Unapoteza ile milioni 30 na bado unadaiwa.

Saa 7 mchana

Kukata sauti za WhatsApp. Sekunde 30 kila moja, salamu zote zinatolewa isipokuwa ya kwanza. Ya mtoto wa shule hairushwi bila mzazi kujua.

Saa 9 alasiri

Swali lililorudi mara nyingi kwenye meseji: kwani mchezaji asiyepangwa hawezi kuvunja mkataba mwenyewe? Kwenye kanuni za FIFA kipo kipengele cha sababu ya kimichezo. Mchezaji aliyekwishajijengea nafasi, akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu katika msimu, anaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 15 baada ya mechi rasmi ya mwisho ya msimu. United walicheza mechi 62 msimu wa 2022/23, asilimia 10 yake ni 6.2. Maguire alianza mechi 8 za ligi peke yake, bila kuhesabu vikombe wala alizoingia akitokea benchi. Mlango huo haukuwa wake. Nikampa mtangazaji jibu hilo kwenye kipande cha karatasi, mistari mitatu, kwa sababu kanuni ikisomwa ndefu redioni watu wanabadilisha stesheni.

Saa 1 usiku

Kipindi cha jioni kilikuwa cha mpira wenyewe, na kwangu ndicho kilichokuwa bora. Maguire aliwekwa benchi baada ya United kupigwa 4-0 na Brentford Agosti 2022. Mechi iliyofuata waliifunga Liverpool 2-1 wakiwa na Varane na Martínez katikati, na tangu hapo mlango ukaegemezwa. Kocha Erik ten Hag alitaka mabeki wasogee juu karibu na mstari wa kati, na Maguire akilazimika kugeuka na kukimbia kuelekea golini kwake anachelewa hatua mbili. Ilifika mahali Luke Shaw, beki wa kushoto, akapangwa beki wa kati badala ya Maguire. Julai 2023 kitambaa cha unahodha alichokuwa nacho kikaenda kwa Bruno Fernandes.

Mwalimu mmoja wa timu ya mtaa, wa Tandika, akatoa hoja iliyotulia kuliko zote: "Mzee wangu, beki akikaa chini ndani ya boksi, mipira ya juu ikija, nani mwingine pale ana kichwa kile? Huuzi nyundo kwa sababu leo unatumia msumeno." Kisha akauliza waliobaki ni nani. Hilo lilikuwa swali la siku. Varane alikuwa ameumia. Klabu siku hiyohiyo ilitangaza mkataba wa mwaka mmoja kwa Jonny Evans, beki mwenye miaka 35. Timu inayomrudisha beki wa miaka 35 ili ijaze nafasi haina beki wa kugawa.

Saa 5 usiku

Kuanzia saa hii makosa ya hewani huongezeka, na mengi yanatokana na kutojua saa. Dirisha lilikuwa linafungwa saa 5 usiku za London, yaani saa 7 usiku kwetu. Katika saa mbili za mwisho klabu ziliweza kupeleka fomu fupi inayothibitisha kwamba makubaliano yapo. Ikifika kabla ya muda, walipata hadi saa 9 usiku za kwetu kumalizia makaratasi. Hivyo saa 7:10 huwezi kutangaza kwamba dili limekufa. Kosa la pili: dirisha la England likifungwa, kinachofungwa ni mlango wa kuingiza. Kuuza nje bado kunawezekana palipo wazi. Saudi Arabia walikuwa na muda hadi 7 Septemba, Uturuki hadi 15. Sentensi hizi mbili nilizibandika kwenye kioo cha studio, mbele ya macho ya mtangazaji.

Saa 7 usiku

Hakuna fomu, hakuna tangazo. Kwenye karatasi nikakata mstari juu ya "ameuzwa?" na chini yake nikaandika 1 Januari 2024, dirisha lijalo, na namba moja: thamani ya vitabuni, 26.7, itakuwa imeshuka hadi karibu 20.

Jumapili saa 12:30 jioni United walikuwa Emirates, uwanja wa Arsenal. Kipindi cha pili Martínez akatoka, akaingia Maguire. Baadaye beki mwingine, Lindelöf, akatoka, akaingia Evans. Arsenal walishinda 3-1 kwa mabao mawili ya dakika za nyongeza, na simu ya kwanza ya Jumatatu ilitoka Mbagala. Redio ilikuwa imezimwa.