Vitabu vya chesi na mraba wa d5

Nilijifunza chesi kwa simu, kama wengi wa rika langu. Mafumbo asubuhi ndani ya daladala, michezo ya dakika tatu tatu usiku kabla ya kulala. Siidharau njia hiyo, imenifikisha mbali. Jicho huzoea: unamwona farasi anayeweza kumtisha malkia na ngome kwa mruko mmoja, unamwona mfalme aliyebanwa na vitunda, askari wadogo, vyake mwenyewe kwenye safu ya nyuma. Lakini anayepewa fumbo ameshaambiwa kwamba jibu lipo. Mchezoni hakuna anayekunong'oneza hivyo. Muda mwingi hakuna cha kula wala cha kutishia, kete zimekaa zilivyokaa, saa inatembea, na zamu ni yako. Usogeze nini? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu, na usiku huu, baada ya kuirudia sura ya kitunda huru, kile kisicho na kitunda cha adui cha kukizuia njiani, nataka kuandika nilichokipata humo kabla hakijapoa.

Kitabu cha kwanza nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya barabara, Posta. Ni kile cha misingi ya chesi cha José Raúl Capablanca, Mkuba aliyekitoa mwaka 1921, mwaka uleule alioutwaa ubingwa wa dunia kutoka kwa Emanuel Lasker mjini Havana. Nakala yangu ni ya zamani na hatua zake zimeandikwa kwa mtindo wa kale wa Waingereza. Humo hakuna e4 wala f6, yaani herufi ya mstari wima na namba ya safu. Kila mstari wima unaitwa kwa jina la kete iliyoanzia hapo, na kila mchezaji anahesabu safu kuanzia upande wake, hivyo mraba mmoja una majina mawili kutegemea ni nani anayecheza. FIDE, shirikisho la chesi la dunia, liliacha kuutambua mtindo huo mwaka 1981. Mimi nimekuja kuupenda. Unakulazimisha uweke ubao wa kweli mezani, usogeze kete kwa mkono, uhakikishe kabla ya kwenda mbele. Ukurasa mmoja unachukua jioni nzima, na ni jioni iliyotumika vizuri.

Capablanca haanzi na ufunguzi. Anaanza na mfalme na ngome dhidi ya mfalme aliyebaki peke yake, kisha maaskofu wawili, kisha malkia. Aliyezoea video za mitego ya hatua kumi za kwanza atashangaa. Ila sababu yake inaeleweka ukikaa nayo: nguvu ya kete huonekana wazi pale ubao unapokuwa mtupu. Ngome ikiwa na wenzake kumi na tano huioni kazi yake, ikiwa na mfalme tu unaona jinsi inavyokata ubao vipande viwili na kumnyima adui nusu ya dunia.

Mchezo uliobadilisha namna ninavyoutazama ubao ni wake pia, lakini haumo katika kitabu hicho, kwa kuwa aliucheza baadaye, New York mwaka 1924, dhidi ya Savielly Tartakower. Alexander Alekhine, aliyeshiriki mashindano hayo, aliyaandikia kitabu, na miaka mitatu baadaye akamnyang'anya Capablanca ubingwa. Baada ya hatua ya 34 kila upande umebaki na ngome moja na vitunda vitano. Ngome nyeupe ya Capablanca imeingia h7, safu ya saba, na mfalme wa Tartakower amekwama f8. Ngome ya Tartakower nayo iko c6, inakitazama kitunda dhaifu cha c3. Mtu wa kawaida angerudi kukilinda. Capablanca anampeleka mfalme wake g3 na kukiacha kitunda kiliwe, tena kwa cheki, yaani mfalme akitishiwa. Anasogea h4. Ngome nyeusi inakuja f3, Capablanca anasukuma kitunda chake cha mbele hadi g6, na kitunda cha f4 nacho kinaliwa, kwa cheki tena. Sasa ana vitunda vitatu dhidi ya vitano. Mfalme anakwenda g5, halafu f6.

Hapo f6 ndipo nilipokaa muda mrefu. Njiani kulikuwa na kitunda cheusi cha f5 ambacho mfalme angeweza kukila, akakipita. Nilikifunika kitabu nikatafuta sababu mwenyewe, na ilipokuja nilisimama kutoka kwenye kiti. Kitunda kile cha adui kilikuwa ngao. Kikiwa pale f5, ngome nyeusi haiwezi kumsumbua mfalme kwa cheki za kutoka chini ya mstari wa f. Mfalme mweupe anakaa uso kwa uso na mfalme mweusi, ngome yake iko safu ya saba, kitunda kiko g6, na mweusi anapaswa kujihami na mati, mfalme kunaswa asiwe na pa kwenda, kila hatua. Vitunda alivyovitoa vikaanza kurudi kimoja kimoja, na Tartakower akasalimu amri kwenye hatua ya 52.

Programu ya kompyuta ingenionyesha hatua zote hizo kwa nukta moja. Ingenipa na namba ya kuonyesha nani yuko mbele. Nisingejua kwamba nilichokiona ni mfalme aliyegeuka kuwa kete ya kushambulia, na kwamba katika mwisho wa ngome kuhesabu vitunda huja baada ya kuuliza kete zipi zinafanya kazi. Tangu hapo, kila ngome zinapobaki peke yake ubaoni, swali la kwanza ninalojiuliza ni ngome ya nani inahangaika kulinda na ya nani iko huru.

Namna yangu ya kusoma imetulia sasa. Naweka kipande cha boksi juu ya ukurasa, nakisogeza mstari mmoja mmoja. Kabla ya kufunua hatua ya bwana mkubwa, naandika yangu kwenye daftari, na pembeni yake naandika kwa Kiswahili ninachokusudia: namtoa farasi wake mzuri, nafungua mstari wa c, nazuia g5. Sababu ndiyo ninayoijali. Mara nyingine hatua yangu na yake zinafanana lakini makusudi yametofautiana kabisa, na hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu ningecheza sawasawa leo na kupotea kesho katika hali inayofanana nayo kwa mbali.

Kitabu cha pili ni kigumu zaidi. Aron Nimzowitsch alizaliwa Riga mwaka 1886, akaishi miaka yake ya mwisho Copenhagen, na kitabu chake, Mein System (Mfumo Wangu), kilianza kuchapishwa kwa Kijerumani mwaka 1925. Ni mwandishi mwenye moto. Anagombana waziwazi na Siegbert Tarrasch, mwalimu mkuu wa kizazi kilichomtangulia, na hoja zake nyingine huwezi kuzielewa mpaka ujue anambishia nani. Nimependa hilo. Niliingia nikidhani nitakuta sheria, nikakuta watu wawili wenye akili wakibishana juu ya kitu kilekile: Tarrasch alikithamini kitunda pweke cha katikati, kisicho na mwenzake kwenye mistari ya jirani, kwa sababu kinazipa kete nafasi ya kuruka, Nimzowitsch akakiangalia kitunda hichohicho na kuuliza nani atakaa mbele yake.

Kukaa mbele yake ndiyo habari kubwa ya kitabu. Kitunda huru, anasema, ni mhalifu wa kufungiwa, haitoshi kumwekea polisi kwa mbali. Weka kete mbele yake kabisa. Kisha anaeleza kwa nini kete hiyo haijafungwa jela pamoja naye. Kitunda cha adui kinaikinga isishambuliwe kwa mbele. Kete za adui zilizo nyuma ya kitunda zinakosa njia, kwa kuwa mtu wao wenyewe amewazibia. Na mlinzi bora ni farasi, kwa maana farasi huruka, akiwa amekaa palepale bado anatishia pande zote. Niliisoma sehemu hii nikaikubali haraka, kama mtu anavyokubali jambo la busara analoambiwa na mkubwa, bila kuwa nayo mkononi.

Aliyenipa mkononi ni Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969, ambaye tangu ujana wake alikuwa msomaji mkubwa wa Nimzowitsch. Mwaka 1953 huko Zürich, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa, alikuwa na kete nyeusi dhidi ya Samuel Reshevsky. Vitunda vyeupe vya katikati vilikuwa vimeshaanza kutembea, kimoja d4, kingine e5, na kila mtu aliona vitamkanyaga. Farasi wa Petrosian alikuwa c6. Mraba wake wa ndoto ulikuwa d5, mbele ya vitunda vile, na njia ya kwenda huko ilipitia e7. Lakini e7 palikuwa na ngome yake mwenyewe. Kwenye hatua ya 25 akaisogeza ngome hiyo hadi e6, mahali ambapo askofu wa Reshevsky angeweza kuila, ngome yenye thamani kubwa kwa askofu wa thamani ndogo.

Hakuna cheki, hakuna mati inayokuja, hakuna kitunda alichokula. Anatoa ngome apate askofu, ili farasi apate njia! Reshevsky alisubiri hatua moja, kisha akaila. Kitunda cheusi cha mstari wa f kikamla askofu na kutua e6, kikawa nguzo ya d5. Farasi akafika d5 na vitunda vyeupe vikasimama. Muda si mrefu Reshevsky mwenyewe akaitoa ngome yake kwa askofu mweusi aliyejipenyeza d3, na mchezo ukaisha sare.

Sare. Nimewaonyesha rafiki zangu wawili mchezo huu, wakaniuliza kwa nini nauhangaikia mchezo usio na mshindi. Nauhangaikia kwa sababu nauona umri wa wazo humo. Mtu analiandika Ulaya ya kaskazini miaka ya 1920, kijana wa Tbilisi analisoma, na baada ya miaka linatokea ubaoni kwa sura ambayo hata mwandishi hakuichora: kwamba mraba wa mlinzi unaweza kuwa na thamani kuliko ngome. Nimzowitsch hakumfundisha Petrosian hatua ile. Alimfundisha kuutamani mraba.

Klabu yetu hukutana Jumamosi. Wiki iliyopita nilicheza na kijana wa chuo anayenizidi kwa mahesabu, na kwenye hatua ya kumi na kitu akabaki na kitunda pweke cha d4. Kete zake zilikuwa nzuri, askofu wake alikuwa anauelekea upande wa mfalme wangu. Zamani ningetafuta namna ya kukila kile kitunda mara moja. Safari hii nilikiacha, nikamweka farasi d5, nikatafuta kubadilishana kete ndogo, farasi na maaskofu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila kete iliyotoka ilipunguza faida ya kitunda chake na kubakiza udhaifu wake. Alitaka sana kusukuma d5 afungue mchezo. Hakupata nafasi. Mzee mmoja anayetusimamia alipita, nikamwamkia, akasimama nyuma yangu akisema taratibu, "Mwanangu, huyo farasi wako amehamia kabisa." Mchezo ulikuwa mrefu, wa kusukumana kwa ngome, na kitunda kile kilianguka mwishoni kabisa, wakati kijana alikuwa na vitu vingi vya kulinda kwa pamoja. Furaha niliyoondoka nayo sijaipata katika shambulizi lolote.

Nyumbani niliupitisha mchezo kwenye injini, ile programu ya kompyuta. Naona hilo lazima, ila baada ya kuandika maelezo yangu kwanza. Namba ilikuwa inapanda kidogo kidogo upande wangu kwa hatua nyingi mfululizo ambazo hakuna kilicholiwa, na kuiona ikipanda hivyo ni kuiona sura ya kitabu kwa macho mengine. Injini pia haimwonei haya mwandishi yeyote. Fundisho la Nimzowitsch la kuulinda mraba muhimu kwa kete nyingi kuliko zinazohitajika, mimi nadhani amelivuta kupita kiasi. Katika michezo yangu kete zilizorundikwa hivyo huishia kukosa kazi nyingine, na injini mara nyingi hupendelea jambo la haraka zaidi. Sijaifuta sura hiyo kwenye daftari. Nimeiwekea alama ya kuuliza.

Sura ninayoiendea sasa ni ya minyororo ya vitunda, vitunda vinavyolindana kwa mshazari. Nimzowitsch anasema mnyororo ushambuliwe kwenye mzizi wake. Katika ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi ambao mweusi hujibu e4 kwa e6, mweupe akishasukuma e5, mweusi agonge d4 kwa kitunda cha c5. Naukubali mfano huo. Lakini nimeshaona michezo mingi ambayo mweusi, baada ya c5, anacheza na f6, anakigonga kichwa chenyewe, na kete zake zinapata pumzi upande wa mfalme. Ubao nimeshaupanga kwenye hali hiyo, kila kete mahali pake. Nataka nijue ni wakati gani f6 ni sahihi na ni wakati gani inaiacha e6 uchi, na nataka nilijue hilo kabla sijaufunua ukurasa.