Siku moja kazini: nikipanga safari ya mashua kutoka Lamu hadi Kiwayu

Saa kumi na moja unusu alfajiri. Nimeshaswali, nashuka gatini kutazama upepo. Ni Januari, kaskazi imeshika. Leo mwezi una siku nane, kwa hiyo ni maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana. Haya mawili, mwezi na upepo, ndiyo kalenda yangu. Kazi yangu ni kupanga safari za wageni kwenye mashua ya ami yangu, na mezani nina familia ya watu wanne kutoka Ufaransa wanaokuja Jumanne ya wiki ijayo, mwezi ukiwa na siku 16.

Saa moja unusu. Chai ya tangawizi na mahamri, simu mkononi. Baba wa familia ameniandikia ratiba yake: Jumanne kwenda Kiwayu, kukaa siku tatu, Jumamosi asubuhi kurudi, adhuhuri wapande ndege Manda. Ameipima njia kwenye ramani akaona ni fupi. Ni kweli, kwa ramani si mbali. Lakini kisiwa cha Kiwayu kiko kaskazini-mashariki yetu, na kaskazi inavuma kutoka hukohuko. Kwenda ni bisho mwanzo mwisho: tanga huku, tanga kule, chombo kinakata mashavu ya upepo na mwendo unarefuka sana. Kurudi ndiko upepo unakaa nyuma na tanga linashiba. Angekuja Julai, wakati wa kusi, ningempangia kinyume chake.

Saa tatu. Nimempigia ami. "Shikamoo, ami." "Marahaba, mwanangu. Wageni wasemaje?" Nikamsomea ratiba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Waulize wanakwenda kusafiri au kufika."

Saa nne na nusu, maji yamejaa, nikapanda boti kwenda Matondoni. Hapa nakaa zaidi, maana safari nzima inasimama juu ya mbao hizi. Mashua yetu ilipandishwa pwani bamvua iliyopita, yaani maji makubwa, wakati wa mwezi mwandamo, na sasa imekaa juu mchangani ambako maji mafu hayafiki. Fundi anakalafati: anachovya pamba katika mafuta, anaisokota, anaishindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, mshipa baada ya mshipa. Upande mmoja umekwisha. Ukimalizika wa pili anapaka deheni, shahamu na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Nikamuuliza lini. "Jumamosi." Inatosha, ila haina nafasi ya kuchelewa: mashua itaelea tena bamvua ijayo tu, mwezi 14 au 15. Tukikosa maji yale, tunangoja tena karibu nusu mwezi. Nilisimama pale mpaka nikaona ameanza upande wa pili.

Saa saba nimerudi mjini, wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama.

Saa nane nikakaa kuandika ratiba upya, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wakati wa bamvua maji huku hujaa alfajiri na alasiri, na katikati ya mchana ni kupwa. Tofauti ya kujaa na kupwa ni karibu mita 3. Sasa magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yako ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko. Maji yakitoka, chombo hakiingii, na kilichoingia hakitoki. Kwa hiyo Jumanne hatuondoki asubuhi kama kila mgeni anavyotaka. Tunang'oa nanga saa tisa, tunaingia na maji yanayojaa, wanauona msikiti na kaburi la mnara, na tunatoka kabla ya giza. Jumatano alfajiri tunapita mlangobahari wa Mkanda hadi Mtangawanda, kisiwani Pate, maana gati la mji wa Pate halifikiki maji yakipwa, na kutoka pale wanakwenda Pate kwa miguu. Alhamisi Siyu, kisiwa hichohicho, kwenye ngome. Ijumaa Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Jumamosi ni ya kuogelea kwenye matumbawe. Jumapili kurudi, siku moja tu, upepo nyuma.

Siku sita, basi, si tano.

Saa kumi baba akajibu: "Si mna mashine? Washeni, tufike siku ileile." Tunayo. Ami huiwasha upepo ukikatika au mtu akiugua, na petroli tunayobeba ni ya hayo. Nikamweleza hivyo, nikamweleza pia kwamba akipita Siyu na Pate kwa mashine hatakuwa ameona visiwa vya Lamu, atakuwa ameona maji. Sikutaka kumficha kitu: nikampa njia mbili. Aongeze siku mbili na apande ndege Jumatatu, au tuiache Kiwayu na tuzunguke Manda na Pate bila haraka. Ya kulazimisha Kiwayu kwa siku tano sikuiandika, maana ina watoto wawili ndani yake.

Kwa ajili ya hao watoto nikazunguka kutafuta jaketi za kuokoa maisha za saizi yao. Za watu wazima zinamvuka mtoto kichwani akianguka majini. Nilizipata mbili kwa jirani, nikazijaribu vishikizo kimoja kimoja. Kimoja kimekatika, kesho kinashonwa.

Saa mbili usiku, ujumbe umeingia: wamebadilisha tiketi. Jumatatu. Mkewe ameuliza kama watoto wataweza kulala juu ya sitaha chini ya nyota. Wataweza, Januari huku mvua ni nadra.

Saa tatu naandika orodha ya chakula: mchele, unga, nazi, ndimu, maembe ambayo sasa ni msimu wake, makaa ya jiko. Samaki tutanunua kwa wavuvi njiani. Halafu maji ya kunywa. Watu wanane pamoja na nahodha, mpishi na mabaharia wawili, lita nne kila mtu kwa siku, siku sita: lita 192. Nikaandika madumu kumi ya lita ishirini. Nikayatazama. Nikafuta, nikaandika kumi na mawili.