Nilivyoondoa weusi kwenye mlango wa msaji kwa asidi ya oksaliki

Mlango wa nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, ni wa msaji uliochongwa kwa mkono. Kila msumari ulikuwa umeacha mchirizi mweusi unaoshuka hadi chini. Kila seremala niliyemwita alisema nipige msasa. Nilikataa, kwa sababu weusi ule umezama ndani ya mbao, na msasa wa kuufikia ungekula nakshi kwanza.

Weusi huo unatoka kwenye chuma. Ndani ya mbao mna tanini, ile ile inayoyapa majani ya chai ukakasi. Msumari ukipata maji na hewa ya chumvi hushika kutu, chuma kikapenya kwenye mbao na kukutana na tanini, na hapo hutokea rangi nyeusi. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Jiki haiondoi chuma, kwa hiyo hata ukiimwaga galoni nzima doa litabaki. Asidi ya oksaliki hukishika chuma chenyewe na kukigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka, ukaisuuza ikaenda na maji. Tena rangi ya asili ya mbao haiiharibu.

Kuipata ndiko kulikonihangaisha. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi nilionyeshwa jiki, thina, hata asidi ya betri, ambayo siwezi kumshauri mtu yeyote aisogeze karibu na mlango wake. Maduka ya dawa hawakuwa nayo. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayesugua sakafu za terazo. Nilipomweleza ninachotafuta akaniambia, "Mwanangu, si ndiyo ile asidi ya unga tunayomalizia sakafu ing'ae? Ulizia wanakouza mawe ya kusugulia terazo." Nilikwenda, nikapimiwa kilo moja kutoka kwenye gunia.

Ni chembe nyeupe, mtu anaweza kudhani ni sukari au chumvi, na hapo ndipo penye hatari. Asidi hii imo hata kwenye mchicha, lakini kwa kiasi kidogo. Ikiwa tupu namna hii, gramu chache zikimezwa hunyakua kalsiamu ya damu, huharibu figo, na zinaweza kuua. Niliitia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kigumu, nikaandika SUMU kwa herufi kubwa, nikaiweka juu kabisa wasikofika watoto.

Kabla ya kuipaka nilitoa vanishi yote ya zamani, kwani asidi haipiti juu ya vanishi. Kisha nikavaa glavu za mpira, miwani na barakoa, nikayeyusha gramu 100 kwa kila lita ya maji ya moto ndani ya ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, italiwa.

Maji nayo yana neno. Visima vyetu vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na asidi hii hufanya utando mweupe usioyeyuka. Nilitumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Kwa sababu hiyo hiyo niliufunika ukuta wa chokaa pembeni mwa mlango kwa turubai.

Nilipaka mlango mzima kwa brashi, ubao kwa ubao, kwa kuwa ukipaka doa peke yake utabaki na baka jeupe lililo baya kuliko doa. Nilianza asubuhi mapema kabla jua halijaupiga, ili mbao zikae na unyevu kwa karibu nusu saa. Weusi ulianza kufifia mbele ya macho yangu, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Sehemu zilizokuwa nzito nilizirudia baada ya kukauka.

Kusuuza kunataka subira. Nilimwaga maji mengi, nikapitisha maji yenye bikaboneti kidogo, ile ya keki, kisha maji matupu tena. Chembe zikibaki kwenye mbao halafu ukapiga msasa, vumbi lake litakuchoma pua na koo. Wala usichanganye asidi hii na jiki kamwe, maana hutoka gesi ya klorini.

Mlango ulipokauka ulikuwa na rangi ya asali. Niling'oa misumari ya chuma, nikatia skrubu za shaba nyeupe zisizoshika kutu, kisha nikaupaka mafuta ya kitani. Msumari mmoja niliuacha, uko katikati ya ua lililochongwa na kuung'oa kungelipasua. Baada ya mvua za masika weusi umeanza kuchungulia pale, na asidi iliyobaki nimeitunza kwa ajili ya doa hilo.