Nilivyoacha kushuka Kitonga bila breki kila usiku

Asiyepita barabara ya Tunduma anaijua Kitonga, ule mlima wa Iringa, kwa taarifa ya habari tu. Sisi madereva wa semi, malori ya kuvuta tela, tunaijua kwa miguu. Ukitoka Ilula na shaba mgongoni, mteremko unakupokea kwa kona zilizobanana, mwamba huku, korongo kule, mpaka utokee chini Mahenge na kuisogelea Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Nimeushuka miaka mingi bila kuacha hata mkwaruzo. Kuna kipindi nikawa naushuka tena usingizini, na humo nilikuwa dereva mbovu kuliko wote Tanzania.

Ndoto ni ile ile. Nakanyaga breki, pedali inazama kama tope. Mshale wa upepo unaoendesha breki umelala sifuri. Kwenye kioo cha pembeni naona tela langu mwenyewe linakuja, linataka kunipita. Namwita utingo haitikii, anakula hindi la kuchoma. Kwenye kona ya mwisho nashtuka jasho linatiririka, na mguu wa kulia umeshampiga mke wangu kwenye ugoko. Alivumilia, halafu akabeba mto wake akahamia kwa watoto. "Breki zako kazitafutie huko huko barabarani," akasema.

Na kilichokuwa kinaniudhi zaidi ni kwamba ndoto yenyewe haijui ufundi. Upepo ukiisha kabisa kwenye semi, breki za springi zinajifunga zenyewe, gari halitoki hapo. Kinachoua watu mteremkoni ni breki kuchemka kwa kukanyagwa mfululizo mpaka zinaacha kushika. Nilikuwa naamka naibishia ndoto saa kumi za usiku.

Ushauri nilioupata ungejaza tela. Jirani yangu anayejifanya mfasiri wa ndoto alisema kushuka mlima ni kushuka cheo na kukosa breki ni kuachwa na mke. Ahsante sana jirani. Mganga mmoja akasema nyota yangu imefungwa na mtu wa ukoo, akataka jogoo mweusi na hela ambayo, ukijumlisha na nauli, ilikaribia laki. Jogoo nilimpeleka. Wiki ile ile nilishuka Kitonga kama kawaida, na safari hii jogoo alikuwemo kwenye kabini.

Mbaya kuliko wote alikuwa dereva mwenzangu, mtu mzima kabisa, aliyenishauri nipige pombe kali kidogo kabla ya kulala. Msifuate hilo. Pombe inakulaza haraka, halafu karibu na alfajiri inapokuisha mwilini ndoto zinakuja kwa fujo. Nikawa nashuka mlima bila breki na kichwa kinaniuma juu yake.

Shehe ndiye pekee aliyenisaidia katika kundi la kwanza. Alisema nikishtuka nijikinge kwa Mungu, niteme kidogo kushoto mara tatu, nigeuke ubavu wa pili, na nisimsimulie mtu. Kugeuka ubavu kulinirudisha usingizini upesi, na mpaka leo nafanya. Hilo la kutosimulia lilinishinda, maana foleni nzima ya mpakani ilikuwa inajua.

Mkombozi wangu ni binti wa dada yangu, anasomea uuguzi. Kwanza akaniuliza natumia dawa gani, kwa sababu zipo zinazoleta ndoto mbaya: mefloquine ya malaria, propranolol ya presha. Situmii. Halafu akakomaa na habari ya kupiga mateke. Anasema mtu akiwa ndani ya ndoto misuli hulegezwa ili asicheze anachokiota, kwa hiyo anayepigana usingizini mara kwa mara, hasa mwanamume aliyevuka hamsini, akaonwe na daktari. Nikaenda, nikaulizwa maswali mengi, nikaambiwa kwa sasa sina shida hiyo.

"Sasa mjomba," akasema, "iandike hiyo ndoto, uibadilishe unavyotaka, halafu mchana ukae uipitie kichwani kama robo saa hivi. Kila siku." Nilicheka. Akaniambia si mchezo: Marekani daktari anayeitwa Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2001, wanawake waliobakwa na kuandamwa na jinamizi walifundishwa jambo hili na jinamizi likapungua. Nikaacha kucheka.

Nikachukua daftari la mafuta nikaandika. Mwanzoni nilijipendelea. Niliandika tela linaota mabawa, tunapaa juu ya ile mibuyu ya bonde la Ruaha, natua taratibu kwenye yadi ya tajiri na tajiri mwenyewe anapiga makofi. Nilipenda sana. Nikawa naipitia kila nikiegesha, mpaka utingo akaniuliza nacheka nini peke yangu. Usiku ikaja ile ile ya zamani bila hata unyoya mmoja. Nikaandika nyingine, malaika anashika tela kwa nyuma. Hola. Wapo wanaofanikiwa na mabawa, binti anasema, ila kichwa changu ni cha dereva: tani thelathini zikishashika kasi pale, hakiamini malaika wala nani.

Ndipo nikapata akili, na hii naidai ni yangu, hata binti hakuniambia. Niliacha kuhangaika na mwisho wa ndoto, nikabadilisha mwanzo. Nikaandika kwamba nipo bado juu, Ilula. Naegesha pembeni. Natoa maji kwenye matangi ya upepo, nasikia ule mlio wa fsss. Nazunguka magurudumu yote, nalala chini ya tela, nakaza breki moja moja kwa mkono wangu. Napanda, natia gia nzito kabla mteremko haujaanza, nawasha breki ya injini, nashuka kwa mwendo wa mzee anayetoka msikitini. Hata harufu ya nyanya za pale Ilula niliiandika. Hiyo kichwa kilikubali.

Haikuondoka siku moja. Kwanza gari lilianza kupungua mwendo kwenye kona. Baadaye usiku mmoja nikaota nimekaa Ilula nakunywa chai, semi limeegeshwa, na nikaamka nimechelewa kazini.

Ni katika kuandika huko ndipo nilipojua inatoka wapi, si kwa jirani wala mganga. Kila nikiandika "nakaza breki kwa mkono wangu" moyo unashtuka. Ndoto zilianza nilipompokea utingo mpya, mtoto wa dada yake mke wangu, ambaye ukimuuliza breki umekagua anajibu "tayari baba mdogo" huku mikono haina hata doa la grisi. Kwa heshima ya shemeji nilikuwa nanyamaza. Sasa hatuondoki mpaka niione mikono yake. Kanuna, lakini anajifunza.

Mke amerudi na mto wake. Ndoto bado hunitembelea nikila ugali mkubwa usiku na kulala kwenye kabini kwenye joto, ila inakuja imechoka, mwendo mdogo. Mganga naye bado anatuma ujumbe, anasema kazi haikukamilika, panatakiwa jogoo wa pili.