Kapsuli ya omeprazole haina kosa, kosa ni saa ya kuimeza

Mtu anakula ugali na sangara wa kukaanga saa nne usiku, anajilaza, kifua kinaanza kuwaka moto. Anatafuta omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya miligramu 20, anameza moja pale pale kitandani, na nusu saa baadaye bado anaungulika. Kesho yake anatangaza kwamba hizi za bei rahisi ni unga mtupu, bora zile za boksi zuri. Boksi zuri likimezwa vile vile litashindwa vile vile. Kiambata, yaani kile hasa kinachotibu, ni kile kile, na ili dawa ya bei rahisi isajiliwe inatakiwa ionyeshe kwamba inafika kwenye damu sawasawa na ile ya mwanzo.

Omeprazole haizimi asidi iliyokwisha kumwagika. Hupita tumboni ikiwa imefungwa, hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kisha damu huirudisha kwenye ukuta wa tumbo ikazibe vipampu vidogo vinavyotoa asidi. Vipampu hivyo huamshwa na chakula, na dawa hushika vilivyo macho tu. Yenyewe haikawii kwenye damu. Saa chache imekwisha. Ndiyo maana humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya mlo wa kwanza: chakula kikiingia, dawa iwe imeshafika. Nafuu kamili huja kati ya siku ya kwanza na ya nne, kwa hiyo ukimeza mbili kwa hasira siku ya pili hujasaidia kitu. Moja kwa siku, siku 14, basi. Kiungulia kikirudi kabla ya miezi minne kupita, usianze dozi nyingine bila kuonana na daktari.

Hiyo "asubuhi kabla ya chai" wanayoandikiwa watu haimfai kila mtu huku Ziwa Victoria. Mvuvi wa dagaa anayekesha majini usiku wa giza hurudi mwaloni kunapambazuka, anakula, analala. Asubuhi yake ni jioni: akiamka, kapsuli kwanza, ndipo ale na kuingia ziwani. Tatizo lake kubwa hasa ni ule mlo wa alfajiri unaofuatwa na usingizi papo hapo. Aule kidogo, apishanishe na kulala kwa saa mbili tatu akiweza, na miguu ya kitanda upande wa kichwani aiinue kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haisaidii, inakunja tumbo tu.

Kapsuli usiitafune wala usiisage. Ndani mna chembechembe zilizopakwa gamba. Gamba likivunjika, asidi ya tumbo huiharibu dawa kabla haijafika popote. Asiyeweza kumeza na aulize famasi kama aina aliyonayo inaruhusu kufunguliwa. Nyingi huruhusu kumwagia chembechembe kwenye kijiko cha mtindi na kumeza papo hapo bila kutafuna.

Unyevu nao ni adui. Kapsuli zilizotolewa kwenye ukanda wake na kutiwa kwenye kibahasha cha karatasi hazina kinga, na mara nyingi tarehe ya kuisha imebaki dukani. Omba ukanda mzima. Chembechembe zilizogeuka kahawia au zambarau, tupa.

Kuhusu dawa nyingine, hapa watu hujiumiza kimyakimya. Anayetumia ARV zenye atazanavir asiguse omeprazole bila kliniki yake kujua. Mwenye dolutegravir hana shida na omeprazole, ila vile vidonge vyeupe vya kiungulia vya kutafuna, vya magnesiamu na aluminiamu, huizuia dolutegravir kufyonzwa: ameze ARV saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Clopidogrel ya wagonjwa wa moyo hudhoofishwa na omeprazole. Diclofenac unayomeza kwa ajili ya mgongo inaweza kuwa ndiyo inayokuchimba tumbo, na omeprazole ikawa inaficha tu. Ukiandikiwa kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, acha omeprazole wiki mbili kabla, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao.

Waliokunywa kwa miezi mingi wasiache ghafla. Asidi huibuka kwa nguvu kwa wiki kadhaa na mtu hudhani ugonjwa umerudi. Daktari atapunguza polepole. Matumizi ya zaidi ya mwaka huweza kushusha magnesiamu na vitamini B12.

Chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu au choo cheusi kama lami si vya kapsuli, ni vya hospitali. Maumivu ya kifua yanayokwenda taya au mkono, pamoja na jasho, yachukulie kuwa ni moyo mpaka hospitali iseme vingine.

Na anayetapika damu, hasa aliyeishi akivua, akioga au kuchota maji ziwani, asipewe omeprazole akaambiwa alale. Kichocho cha tumbo cha Ziwa Victoria hukaza ini kwa miaka mingi hadi mishipa ya koo la chakula inavimba na kupasuka. Mkimbizeni Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, au hospitali iliyo karibu usiku huo huo, na mwambieni daktari habari ya ziwa kabla hajauliza.