Pilipili Mbuzi Isiyopasuka

Watu wakisikia nalima pilipili na kuzisindika za chupa, swali lao la kwanza huwa moja tu: "Ipi kali kuliko zote?" Swali ninaloamka nalo mimi ni jingine. Nataka kujua ipi inanukia. Nimeandika siku yangu ya Alhamisi iliyopita tangu alfajiri hadi usiku, anayependa pilipili aone ninachohangaikia.

Saa 11 alfajiri

Nimeswali, nimekunywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa jana. Mama bado amelala. Nyumbani ni Makorora, hapa Tanga mjini, shamba liko Pongwe, ukishapita Kange kama unaelekea Muheza. Nimekodi robo eka. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshafika kwenye kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Twende kabla jua halijatuwahi."

Mwezi wa pili Tanga hauna huruma. Upepo wa kaskazi unakaribia kukata, masika bado, na joto halipungui hata usiku. Pilipili ni mmea wa joto, lakini nalo likizidi maua yanapukutika kabla hayajashika tunda. Kila asubuhi nayakuta yametapakaa chini, meupe, kama punje za wali zilizomwagika.

Saa 12 na robo

Kazi ya kwanza ni maji. Navuta kisimani, namwagilia shinani tu, kisha narudisha nyasi kavu juu ya udongo zitunze unyevu. Majani siyalowanishi, na mpaka umande ukauke sichumi wala sipiti katikati ya mistari, kwa sababu magonjwa ya pilipili husafiri na maji kwenye mikono na nguo zetu.

Mstari wa nne nikakuta mche mmoja umelala. Majani yake yalikuwa mabichi kabisa, rangi haijabadilika, lakini yote yananing'inia kama nguo iliyoloa. Mkulima mgeni angedhani una kiu. Nilikata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, nikakishika ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa mkono. Hazikupita dakika tano, uzi mweupe ukaanza kuteremka kutoka kwenye mkato, mwembamba, ukijisokota kama moshi wa udi uliogeuzwa juu chini. Huo ni mnyauko wa bakteria, na dawa yake haipo. Nikang'oa mche na udongo wa mizizi yake, nikautia kwenye kiroba niupeleke mbali na shamba, kisha nikaosha jembe kwa sabuni.

Kipimo hiki cha glasi nilifundishwa na afisa kilimo baada ya kuwa nimeshaumia. Msimu wa nyuma nilipanda pilipili mahali palipotoka nyanya, nikapoteza miche zaidi ya sitini ndani ya wiki tatu, nikiipa maji kila siku nikidhani ni kiu. Nyanya, bilinganya, viazi mviringo na pilipili ni ukoo mmoja, na bakteria huyo anaukaa udongo akiungoja ukoo wake. Siku hizi zikitoka pilipili napanda mahindi kwanza. Ukikuta mche umenyauka ukiwa kijani, chukua glasi kabla hujachukua ndoo.

Saa 2 asubuhi

Umande umekauka, nachuma. Pilipili mbuzi huchumwa na kikonyo chake, kwa mkasi au kwa kuivunja kwa juu taratibu. Ukiinyofoa bila kikonyo unaiachia kidonda, na siku ya tatu inaoza. Nilizozitaka zilikuwa zile zilizotoka kwenye kijani na kufika rangi ya chungwa iliyokolea, zenye mikunjo kama kitambaa kilichofumbatwa. Ziweke puani kabla hujaziweka kwenye ndoo. Zina harufu ya embe bivu na kitu kingine cha kama pasheni, na harufu hiyo haipo kwenye pilipili kichaa, ambayo ni ukali mtupu na inasimama juu ya tawi imeelekeza ncha angani.

Pilipili kichaa nyingine sikuzipanda mimi. Chini ya mwarobaini wa mpakani imeota michache iliyopandwa na shore. Ndege hawasikii kuwasha, wanameza tunda zima na mbegu inatoka salama. Wanyama kama sisi tunatafuna, mbegu inasagika. Kwa hiyo mmea umejiwekea ukali wa kumfukuza anayeharibu mbegu na kumkaribisha anayezieneza. Kila nikimwona yule ndege na tunda jekundu mdomoni simfukuzi.

Na hata sisi si wenyeji wa pilipili. Asili yake ni bara la Amerika, Wareno ndio walioivusha bahari kuja huku baada ya safari za Columbus. Kabla ya hapo mpishi wa pwani alikuwa na tangawizi na pilipili manga, na hilo neno "manga" bado linakumbuka Uarabuni ilikopitia. Inanishangaza, maana siwezi kuuwaza muhogo wa kukaanga wa Ngamiani bila pilipili pembeni.

Saa 4 asubuhi

Sokoni Mgandini. Nimeacha ndoo moja kwa mteja wangu wa siku zote, anauza kwa sado. Nimenunua ndimu, kitunguu thomu, ukwaju na maembe mabichi. Kisha soko la Deep Sea kwa samaki. Nilichagua changu wanne, macho yanang'aa, matamvua mekundu. Nina oda ya watu sita ya samaki wa kupaka jioni, na mama naye anakula.

Hapo sokoni nikakumbuka ugomvi wetu wa nyumbani. Mama akisema "pilipili hoho" anakusudia pilipili ndefu nyekundu inayowasha, kama walivyosema wazee wake. Mwanangu akisikia hoho anakwenda kununua ile kubwa ya kijani isiyowasha, ambayo mama anaiita pilipili boga. Mara mbili mchuzi umeharibika kwa neno moja. Nimeamua nikimtuma mtoto namwonesha kwa vidole ukubwa ninaoutaka.

Saa 6 mchana

Jiko la uani, madirisha yote wazi. Ukichemsha pilipili ndani ya chumba kilichofungwa, mtaa mzima utakohoa. Glavu mkononi, kitambaa puani.

Nampasulia mwanangu moja kila mara anapokuja kusaidia, maana bado anaamini mbegu ndizo kali. Kata pilipili mbuzi katikati kwa urefu. Tazama ule utando mweupe ulioshika mbegu, unaokaribia kuwa wa njano, unaong'aa kidogo kama umepakwa mafuta. Hapo ndipo kapsaisini, kemikali inayowasha, inapotengenezwa. Mbegu zinawasha kwa sababu zimeuegemea. Ukiukwangua utando kwa ncha ya kisu, nyama ya nje inabaki na harufu yake yote na ukali mdogo unaovumilika. Kwenye pilipili yangu ya chupa nakwangua nusu na kuacha nusu.

Kwa nusu kilo ya pilipili natia embe bichi mbili zilizomenywa, kichwa kimoja cha kitunguu thomu, siki vikombe viwili, chumvi kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, sukari kidogo. Inachemka mpaka embe lilainike, inapita kwenye blenda, inarudi motoni ichemke tena, inaingia ikiwa ya moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika kumi. Nikishamaliza napima uchachu kwa karatasi za pH, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa. Chini ya 4.6 ndipo bakteria wa botulizimu, wanaotia sumu vyakula vya chupa, wanaposhindwa kukua, nami nataka nifike chini ya 4, nisitegemee bahati. Mwaka wangu wa kwanza nilibana siki ili isiwe chachu sana. Wiki ya pili chupa zilianza kupumua, kifuniko kimoja kikaruka usiku. Nilizimwaga zote thelathini, na niliwafuata wateja waliokwisha kununua, mlango kwa mlango, nikawarudishia pesa.

Saa 8 mchana

Glavu ilitoboka kwenye kidole gumba, sikuona, nikajifuta jasho karibu na jicho. Anayefanya kazi hii anajua maumivu hayo. Kwanza mikono: nilisugua mafuta ya kupikia mpaka kwenye vifundo, kisha sabuni ya kuoshea vyombo, kisha maji, na nikarudia. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo ukianza na maji unaitembeza tu. Mikono ikishakuwa safi ndipo nikaosha jicho kwa maji mengi yanayotiririka. Mdomo ukiwaka, maziwa au mtindi. Soda baridi haisaidii.

Uani nina ndoo yenye mche mmoja wa Carolina Reaper, pilipili kali mno. Mteja wangu mmoja aliniletea mbegu kutoka ng'ambo, nikapanda sita, zikachukua karibu wiki tatu kuchipua, ukabaki mmoja. Tunda lake lina vipele, na chini lina mkia mfupi uliochongoka. Jioni vijana huja kuliangalia na simu zao, wanaulizana namba za ukali wake.

Namba zina historia yake. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alichukua dondoo ya pilipili, akaizimua kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wakasema hawasikii kuwasha tena. Kadiri maji yalivyohitajika mengi, ndivyo namba ilivyopanda. Pilipili mbuzi zetu ni ndugu wa habanero, na kundi hilo huwa kati ya 100,000 na 350,000. Reaper, iliyoingia kwenye rekodi za Guinness mwaka 2013, inapita milioni moja na nusu. Mwaka 2023 ikapitwa na Pepper X ya mkulima yuleyule, Ed Currie, kwa 2,693,000.

Reaper nimeionja, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Sekunde chache utamu kama wa tunda, halafu mlango unafungwa, husikii chakula tena, unasikia moto peke yake. Nimewaambia vijana ukweli: siiuzi kwa mtu anayetaka kurekodi rafiki yake akilia. Nautunza mche kwa heshima, maana nao una kazi. Tunda moja limetosha sufuria nzima ya achari ya ndimu.

Saa 10 alasiri

Jikoni kwangu kuna mbuzi wawili. Mmoja ni pilipili, mwingine ni wa kukunia nazi, na huyu wa pili nimemkalia saa nzima. Nazi nne. Tui zito nimeliweka kando, tui la pili linapikia.

Samaki nimewachanja, nimewapaka ndimu, thomu, tangawizi na chumvi, wanakaa kwenye makaa yasiyo na moto wa kuruka. Tui naliweka na bizari ya manjano na maji ya ukwaju, nalikoroga bila kupumzika mpaka lichemke, maana likiachwa linakatika. Likishatulia moto napunguza, ndipo inaingia pilipili mbuzi nzima.

Ninayoitia naichagua kama mtu anayechagua yai. Haina jeraha, haina tundu la mdudu, kikonyo kimeshika. Inaelea juu ya tui dakika kumi, na kuanzia hapo mwiko hauingii tena, naizungusha sufuria kwa masikio yake. Ngozi ikiwa nzima ukali unabaki ndani kwenye utando wake, harufu inatoka. Ikipasuka, tui lote limekwenda.

Mama ana miaka sabini na sita. Amekula pilipili umri wake wote, yeye ndiye aliyenifundisha kuisaga kwa chumvi na ndimu. Miaka miwili iliyopita daktari alimwambia tumbo lake haliwezi tena. Hakulalamika. Aliniambia tu kwamba chakula kimekuwa kama maneno ya mtu asiyemjua. Mwaka jana nilikuwa na haraka ya oda, pilipili ikapasuka nisione, mama akala kwa kuniamini, na usiku kucha nilikaa naye ameshika tumbo. Tangu siku hiyo sipokei simu tui likiwa jikoni.

Saa 12 jioni

Oda imeondoka na bodaboda. Vijana wamekuja, wameangalia Reaper, wameondoka na chupa mbili za pilipili ya embe. Mmoja alitaka kula mchuzi unaotokota na pilipili juu yake. Nikamwambia asubiri upoe. Neva inayosikia kapsaisini mdomoni ndiyo hiyohiyo inayosikia joto la moto, ugunduzi uliomfanya David Julius awe mmoja wa washindi wawili wa Nobel ya tiba mwaka 2021. Kwa hiyo mchuzi wa moto na pilipili vinawasha kwa pamoja, na ladha hutaisikia.

Saa 2 usiku

Nimemwandalia mama wali mweupe, changu wake nimemtoa miba ya pembeni. Sufuria nimeifungua mbele yake, ndivyo anavyotaka. Nikaingiza upawa chini ya pilipili, nikaiinua taratibu, tui likichuruzika. Imelainika, rangi imefifia kidogo, ngozi haina hata ufa. Nikaiweka kwenye kisosi.

"Haikupasuka?"

"Haikupasuka, mama."

Alikivuta kisosi karibu, akainamisha kichwa, akafumba macho akanusa. Kisha akakisukuma upande wangu, akanawa, akala.